Sigur Rós: yanayosemwa Mbeya na yaliyo kweli

Dhana inayosikika mara nyingi hapa Mbeya, muziki wa Sigur Rós unapopigwa mbele ya watu waliozoea bongo fleva na kwaya, ni kwamba huu ni muziki wa msiba. Ukweli ni kwamba bendi hii ya posti-roki (roki inayotegemea zaidi mazingira ya sauti kuliko ubeti na kiitikio), iliyoanzishwa Reykjavík nchini Iceland mwaka 1994, hujenga wimbo polepole kwa makusudi. Wimbo wa mwisho wa albamu yao ya mwaka 2002 unazidi dakika 11. Huanza na gitaa la upole, na nguvu za ngoma huja mwishoni, hivyo anayezima mapema amehukumu utangulizi tu. Wengi pia husikiliza kwa spika ya simu, ambayo haitoi besi vizuri, wakadhani hakuna kinachoendelea.

Wengine hudai kwamba waimbaji hawa wamekosa maneno. Albamu hiyo ya mwaka 2002 ina alama za mabano badala ya jina, ilitoka ikiwa na nyimbo nane zisizo na majina, na nusu zake mbili zimetenganishwa na ukimya wa sekunde 36. Humo mwimbaji Jónsi anaimba silabi zisizo na maana katika lugha yoyote, kwa sababu sauti yake imewekwa kuwa ala miongoni mwa ala. Mwanakwaya aliyefundishwa wimbo kwa do-re-mi kabla ya kupewa maneno anajua kwamba sauti tupu inaweza kumgusa mtu, na kwangu hiyo ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote.

Kuhusu Jónsi kupiga gitaa la umeme kwa upinde wa selo (ala kubwa ya jamii ya fidla), wapo wanaosema ni mbwembwe za jukwaani. Uzi ukidonolewa, sauti yake hufifia upesi; ukisuguliwa kwa upinde, huendelea kulia kadiri mkono unavyosukuma, na mwangwi ukiongezwa hujaa chumba kizima. Majirani wa Iringa upande wa kaskazini, Wagogo, wamekuwa wakisugua nyuzi za zeze kwa upinde tangu zamani, wala hakuna anayewaita watu wa mbwembwe.

Si kweli pia kwamba muziki wa ambienti, yaani wa sauti tulivu zinazojaza mazingira, ambao bendi hii huhusishwa nao, ni wa kulalia tu. Mwanamuziki Mwingereza Brian Eno, aliyeupa jina kwa albamu yake ya mwaka 1978, alitaka uweze kusikilizwa kwa makini au kuachwa upite, bila kumlazimisha msikilizaji.

Dhana ya mwisho ni kwamba okestra huwa pambo la kufunika udhaifu wa bendi. Mpiga ngoma wao aliondoka mwaka 2018, mpiga kinanda Kjartan Sveinsson akarudi baadaye, na katika albamu ya ÁTTA ya mwaka 2023 ngoma ni chache mno. London Contemporary Orchestra ndiyo iliyobeba uzito wa nyimbo hizo, ikausogeza muziki wao karibu kabisa na klasiki mamboleo (muziki wa okestra wa siku hizi), nami naiona kuwa albamu inayomfaa mwanakwaya anayetaka kuanza kuisikiliza bendi hii.