Ruzuku ya Hewa Safi kwa Mabasi ya Abiria Kampala: Mfuko Unalipia Nini Hasa

Kila inapokaribia tarehe 7 Septemba, ambayo tangu 2020 Umoja wa Mataifa huiadhimisha kuwa Siku ya Kimataifa ya Hewa Safi, maandiko ya kuomba ruzuku ya mabasi huongezeka mezani kwetu, na miezi michache baadaye hufuatwa na malalamiko ya waliokataliwa. Wengi wao huuliza swali moja: jiji limejaa moshi, basi ni la kubeba wananchi, mbona tumenyimwa? Waombaji wengi ni watu wa nia njema, wenye uzoefu mrefu wa barabara zetu, lakini wanaandika ombi la kununua magari na kulipeleka kwenye mfuko unaotoa fedha za kuondoa moshi.

Hali ya hewa ya Kampala haihitaji maelezo marefu. Shirika la Afya Duniani lilipunguza mwaka 2021 kiwango cha wastani wa mwaka cha chembechembe laini za PM2.5 kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, na vipimo vya Kampala, vikiwemo vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza 2015, huonyesha kiwango hicho kinapitwa mara kadhaa. Sehemu ya chembechembe hizo hutoka kwenye injini, nyingine kwenye vumbi la barabara zisizo na lami, taka zinazochomwa na mkaa wa kupikia. Andiko linalodai kwamba mabasi kumi yatasafisha hewa ya jiji zima hupoteza imani ya msomaji katika ukurasa wa kwanza.

Tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo maandiko mengi yanapokwama. Tuchukue mfano. Njia moja, tuseme ya Mukono hadi katikati ya jiji, ina taksi (mabasi madogo) 40 za abiria 14, na kila moja inachoma lita 25 za dizeli kwa siku. Jumla ni lita 1,000. Mwombaji analeta mabasi 10 ya viti 56, ambayo yana viti 560 sawasawa na taksi zile, na kila basi linachoma lita 60. Taksi zote 40 zikiondoka, njia itatumia lita 600 na kuokoa lita 400, ambazo ni zaidi ya tani moja ya kaboni dioksidi kila siku. Lakini zikiondoka taksi 15 tu, zile 25 zilizobaki zitachoma lita 625, mabasi 600, na njia nzima itatumia lita 1,225. Mwombaji atakuwa ameongeza moshi kwa fedha za hewa safi. Hata lita zenyewe hazimalizi maneno, kwa kuwa injini kuukuu hutoa masizi mengi kuliko mpya kwa lita ileile, na ndiyo maana tunauliza umri wa kila gari.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mtathmini si aina ya basi. Anauliza ni magari gani yataondoka barabarani, yana namba gani za usajili, ni ya nani, na yatakwenda wapi. Taksi iliyotolewa njia ya Mukono ikahamia ya Gayaza imehamisha moshi tu. Mkataba wa kimaandishi na wenye taksi, unaosema gari litavunjwa au mwenyewe ataingia katika ushirika wa mabasi na kulikabidhi, una uzito kuliko picha kumi za rangi za basi. Picha hizo, tafadhali, tunazo za kutosha.

Hali ya kuanzia nayo ipimwe kabla ya mradi, isikisiwe baadaye. Andiko moja zuri tulilolipokea lilikuwa na daftari la kawaida la shule, limepigwa mistari kwa rula, na kila ukurasa una namba ya taksi, kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi asubuhi na jioni, lita zilizonunuliwa, na sahihi ya dereva kwa kalamu ya wino. Risiti za kituo cha mafuta zilikuwa zimebanwa pembeni. Mwandishi wake alikuwa ameongeza safu ambayo hatukuiomba: dakika ambazo gari lilisimama stendi likinguruma huku kondakta akiita abiria hadi viti vijae. Anayejua taksi zetu anajua kwamba moshi huo wa kusubiri si mdogo, na basi linaloondoka kwa ratiba huupunguza hata kabla ya kugusa kanyagio la mafuta.

Kuhusu teknolojia, tuna maombi mengi yanayoahidi mabasi ya dizeli ya kiwango cha Euro 6, yaani kiwango cha Ulaya cha kudhibiti moshi wa magari. Dizeli ya Afrika Mashariki iliwekewa kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni tangu 2015, ilhali mifumo ya Euro 6 imetengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi 10. Mwombaji aeleze atapata wapi mafuta hayo, au aombe gari linalolingana na mafuta yaliyopo. Basi la umeme lina hoja nzuri zaidi hapa kwetu kuliko katika nchi nyingi, kwa sababu umeme wa Uganda hutoka zaidi kwenye mabwawa, na kampuni ya Kiira Motors inaunda mabasi ya aina hiyo nchini. Hata hivyo andiko lionyeshe karakana, mtambo wa kuchaji, na nani atalipa betri ikichoka. Gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa nchini tangu marekebisho ya sheria ya trafiki ya 2018, kwa hiyo hatulijadili.

Sasa taratibu. Mwombaji awe kampuni au ushirika uliosajiliwa, awe na namba ya mlipa kodi, cheti cha kutodaiwa kodi kutoka URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda) ambacho muda wake haujaisha siku ya kufungua maombi, hesabu zilizokaguliwa, na leseni ya uchukuzi wa abiria au barua inayoonyesha kwamba njia husika inaweza kupewa leseni. Cheti kilichoisha jana ni cheti kilichoisha. Ikiwa mradi una karakana au hifadhi ya mafuta, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iulizwe mapema ni tathmini ya ngazi gani inayotakiwa chini ya kanuni za mazingira na jamii za 2020. Fedha zikipitia taasisi ya umma, sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 inataka zionekane katika bajeti, na ununuzi wa mabasi hufuata sheria ya PPDA, mamlaka ya ununuzi wa umma, yaani mwombaji hawezi kuingia na muuzaji wake mkononi. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi haupokei ombi moja kwa moja kutoka kwa kampuni ya mabasi. Hupitia taasisi iliyoidhinishwa, pamoja na barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka Wizara ya Fedha.

Ruzuku pia haifuti kodi. Msamaha hutokana na sheria, hautokani na barua ya mfadhili. Wakazi wa Kampala wanakumbuka mabasi makubwa yaliyoanza 2012 na kusimama kabla ya 2013 kwisha kwa sababu ya deni la kodi. Vilevile mfuko haulipi kila kitu. Marekani, mpango wa CMAQ, wa serikali kuu wa kupunguza msongamano na kuboresha hewa, ulioanzishwa 1991 kwa kawaida hulipa asilimia 80 na kumwachia mwombaji sehemu iliyobaki, na kwa upande wa uendeshaji husaidia huduma mpya katika miaka ya mwanzo tu. Hapa pia mwombaji atatakiwa kuonyesha mchango wake, na jinsi nauli itakavyolipa madereva, matairi na bima ruzuku ikiisha.

Mwisho ni adhabu, ambazo baadhi hudhani ni maneno ya kujaza fomu. Basi la ruzuku haliuzwi, haliwekwi rehani wala halihamishiwi njia nyingine bila kibali cha maandishi. Likikutwa hivyo, fedha hudaiwa na mwombaji hufungiwa. Kupata fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai lenye kifungo kisichozidi miaka 5. Taksi iliyoandikwa kuwa imevunjwa, kisha ikaonekana ikipakia abiria Bweyogerere, inatosha kufungua faili.

Barua ya kukataliwa hutaja kipengele kilichopungua. Mwombaji anaruhusiwa kurekebisha na kuwasilisha tena katika kipindi kinachofuata cha kupokea maombi, na hahitaji kiongozi yeyote amwandikie barua ya kumwombea. Barua hizo huwekwa kwenye faili na hazipewi alama.