Sharti Lisilotimia Nalo Linakula Muda: Dhana Potofu Kuhusu `when` Katika Ansible

Dhana: Kazi iliyorukwa haigharimu kitu.

Ansible ni zana ya kusanidi seva nyingi kwa pamoja, na `when` ni sharti linaloamua kama kazi ifanyike. Sharti hilo lisipotimia, ni kweli Ansible haiigusi seva husika. Ila sharti lenyewe hupimwa kwenye mashine inayoendesha pleibuku (faili lenye orodha ya kazi), kwa kila kazi na kwa kila seva. Ukiongeza `loop`, inayorudia kazi kwa kila kipengele cha orodha, hupimwa kwa kila kipengele.

Dhana: Sharti moja juu ya `import_tasks` huulizwa mara moja.

Hapa ndipo muda mwingi unapopotea. `import_tasks`, inayoleta kazi za faili jingine pleibuku inaposomwa, hunakili sharti lako na kulibandika kwenye kila kazi iliyomo. Chukua faili la kazi 40 za Debian, na seva 200 ambazo zote ni za Red Hat (Debian na Red Hat ni aina mbili za Linux): sharti litapimwa mara 8,000 na hakuna kitakachofanyika. Ukitumia `include_tasks`, inayoleta faili pale tu zamu yake inapofika, litapimwa mara 200 tu, na kazi za ndani hazipakiwi kabisa. `block`, inayokusanya kazi kadhaa pamoja, haikuokoi, maana nayo hulibandika sharti kwenye kila kazi.

Kinachonitia hofu zaidi si kasi. Kazi ya kwanza ndani ya faili lililoletwa kwa `import_tasks` ikibadilisha kigeu (variable) kilichotumika kwenye sharti, zinazofuata zinaweza kurukwa, na seva ikabaki imesanidiwa nusu. Hata hivyo, usibadilishe kila kitu kwa mkupuo: tegi (lebo ya kuchagua kazi za kuendesha) iliyowekwa juu ya `include_tasks` hairithiwi na kazi za ndani, na `--list-tasks`, inayoorodhesha kazi, haizionyeshi.

Dhana: Mpangilio wa masharti haujalishi.

Orodha iliyo chini ya `when` hupimwa kuanzia juu, na Ansible huishia kwenye sharti la kwanza lisilotimia. Kwa hiyo jepesi litangulie. Angalia pia vigeu vyenye `lookup`, inayovuta data kutoka nje: hukokotolewa upya kila vinapotajwa. Kama `lookup` hiyo inasoma hifadhidata iliyo mbali, hifadhi jibu kwanza kwa `set_fact` (kazi inayotunza thamani iliyokwisha kokotolewa), kisha lipime hilo.

Dhana: Haya ni matatizo ya Ansible peke yake.

Kwenye Puppet, zana nyingine ya kusanidi seva, `exec` (inayoendesha amri) yenye `unless` (sharti la kuizuia) huendesha amri ya ukaguzi kila wakala, yaani programu ya Puppet iliyo kwenye seva, anapopita, na kwa kawaida hupita kila baada ya dakika 30, yaani mara 48 kwa siku. Kama unachotaka kujua ni iwapo faili lipo, `creates` inatosha: hutazama faili tu, bila kuanzisha amri yoyote ya ukaguzi.