Mninga wa kweli na mninga wa rangi

Ukipita kwa maseremala wa Mwanjelwa jijini Mbeya au wa Mafinga, karibu kila kitanda chenye wekundu kitaitwa mninga. Vingine ni mninga kweli, umetoka miombo ya Chunya au Tabora. Vingine ni paini iliyopakwa rangi. Wateja nao wana vipimo vyao, na vingi vinawapoteza.

"Kikiwa kizito ni mninga." Hiki ndicho kipimo kinachowaponza wengi. Mninga mkavu una kama kilo 600 hivi kwa mita ya ujazo. MDF, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, mara nyingi hufika 700 na zaidi. Kabati la MDF lililobandikwa karatasi yenye sura ya mninga litawatoa jasho vijana wawili, na ndani hamna hata kipande cha mninga. Likilowa maji ya dekio msimu mmoja, miguu inavimba. Uzito unasaidia kidogo dhidi ya paini, lakini paini mbichi nayo imejaa maji.

Badala ya kunyanyua, inama. Chungulia chini ya meza, chomoa droo yote, tazama mgongo wa kabati. Fundi hapotezi rangi mahali pasipoonekana. Kisha fuata mistari ya ubao hadi ukingoni. Kwenye ubao mzima mistari inageuka na kuendelea kwenye kichwa cha ubao. Kwenye vinia, yaani ganda jembamba la mbao linalobandikwa juu, au karatasi inakatika ghafla, na kucha huhisi palipobandikwa. Mninga una vitundu vidogo vinavyoonekana kwa macho. Paini haina, na vifundo vyake huiumbua hata chini ya rangi nzito.

"Mkanda mweupe ni dalili ya feki." Mara nyingi ni kinyume chake. Mninga una sehemu ya nje iliyopauka, na kiini chake ni cha kahawia, kuanzia ya dhahabu hadi iliyokolea wekundu. Kitanda chekundu sawasawa kila mahali ndicho cha kutilia shaka. Huo mweupe ukatae kwa sababu nyingine: bungua, wadudu wanaotoboa mbao, wanaupenda. Kiini ndicho kinachowastahimili, na wanaosema "mninga hauliwi" husahau kutaja hilo.

"Paini ni takataka." Hapana. Paini ya shamba la miti la Sao Hill ikikaushwa vizuri inatoa kitanda cha kulalia miaka mingi. Ubaya ni kuilipia bei ya mninga. Mimi ningeinunua kwa jina lake, bila hiyo rangi nyekundu, na ingenipendeza zaidi.

Ukiagiza, omba kuona mbao kabla ya vanishi, na fundi akukatie kipande mbele yako. Akianza kuzungusha maneno, nenda kwa mwingine. Mwanjelwa mafundi si wachache.