Bima hulipa chanzo, si uharibifu: yanayoaminiwa na yaliyo kweli baada ya dhoruba kuezua paa

Asubuhi baada ya dhoruba, nyumba iliyopigwa huwa na washauri wengi kuliko mafundi. Kipande cha paa hakipo, dari imetumbukia, magodoro yameanikwa nje, na kila anayepita ana la kusema. Jirani anasema usiguse kitu mpaka watu wa bima waje. Shemeji anasema usijisumbue, bima hawalipi. Fundi usiyemjua anasema tia saini hapa, mengine niachie mimi. Mwenye nyumba hajalala usiku kucha, na analazimika kuamua nani wa kumsikiliza.

Nimekuwa mkadiria hasara, yule anayekuja kukagua uharibifu baada ya dai la bima, kwa miaka mingi. Madai mengi niliyoyaona yakikwama hayakukwama kwa sababu mtu alidanganya. Yalikwama kwa sababu mtu mwaminifu, aliyelipa ada yake kila mwaka, aliamini jambo lisilo kweli katika siku tatu za mwanzo, na siku hizo hazirudi. Ndiyo maana naandika haya.

"Nina bima na nyumba imeharibika, kwa hiyo nitalipwa"

Hapa ndipo makosa mengine yote yanapozaliwa. Mkataba wa bima haulipi uharibifu kwa kuwa upo. Unalipa uharibifu ulioletwa na chanzo fulani. Kuna mikataba inayotaja majanga moja moja: moto, dhoruba, radi, mti kuanguka. Katika hiyo, wewe ndiye unayepaswa kuonyesha kwamba janga lililotajwa ndilo lililoleta hasara. Kuna mingine inayokinga hatari zote isipokuwa zile zilizoondolewa kwa maandishi. Huko, ukishaonyesha kwamba hasara imetokea kwa ghafla ndani ya muda wa mkataba, mzigo unahamia kwa kampuni: ndiyo inayopaswa kukuonyesha kipengele kinachoiondoa. Soma mkataba wako ujue uko upande gani, maana hilo linabadilisha mazungumzo yote yanayofuata.

Karibu kila mkataba, wa aina yoyote, huondoa uchakavu, kutu, kuoza na ukosefu wa matunzo. Chukua dari mbili zilizolowa sawasawa. Moja imelowa kwa tundu lililofunguliwa na upepo usiku ule. Nyingine imelowa kwa tundu la msumari lililokuwa likivuja tangu msimu uliopita. Ukiwa umesimama sebuleni huwezi kuzitofautisha. Ukipanda juu unaweza, na ndicho mkadiria hasara anachopandia.

Watu hudhani tunaangalia bati lililong'oka. Tunaangalia zaidi lile lililobaki. Msumari uliovutwa na upepo kwa nguvu huacha tundu lililochanika upande mmoja, na ndani ya mchaniko chuma kinang'aa. Tundu lililopanuka kidogo kidogo kwa miaka ni la mviringo, kingo zake zimeliwa na kutu pande zote. Mbao iliyovunjika jana ina nyuzi safi zenye rangi ya mbao mpya. Iliyovunjika zamani imekuwa ya kijivu. Darini nako, doa la jana ni moja, lina ukingo laini. Doa lenye duara ndani ya duara, kama pete za mti uliokatwa, limelowa na kukauka mara nyingi.

Ushahidi huu una maisha mafupi sana. Chuma kinachong'aa leo kitashika kutu ndani ya siku chache za unyevu, na tundu la dhoruba litaanza kufanana na tundu la uchakavu. Nimepanda paa ambalo mwenyewe aliapa kwamba lilichanwa na upepo, nami nilimwamini, lakini mwezi ulikuwa umepita na kila mchaniko ulikuwa mwekundu. Picha moja ya karibu, iliyopigwa siku ya kwanza, ingemsaidia kuliko viapo vyote.

Wala usikubali upande wa pili wa kosa hilohilo. Ukiambiwa "paa lako ni la zamani", usichukue hilo kuwa jibu. Umri si chanzo. Paa la miaka 20 lililokuwa zima jana na leo limeezuliwa, limeezuliwa na upepo. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi yake: kasi ikiongezeka mara 2, msukumo unaongezeka mara 4, na mvuto mkubwa zaidi huwa kwenye kingo, pembe na kofia ya paa. Uharibifu ukianzia huko, hiyo yenyewe ni dalili ya upepo, na una haki ya kutaka iandikwe kwenye ripoti.

"Maji ni maji"

Kwa nyumba, ndiyo. Kwa mkataba, hapana. Mvua iliyoingia kwa juu kupitia paa lililofunguliwa na dhoruba ni jambo moja. Maji yaliyopanda kutoka ardhini, mtoni au baharini ni mafuriko, na mafuriko mara nyingi yana bima yake au kipengele chake cha nyongeza. Marekani ilianzisha mpango wa taifa wa bima ya mafuriko mwaka 1968 kwa sababu bima ya kawaida ya nyumba ilikuwa haiyakingi. Kimbunga Katrina kilipopiga mwaka 2005, maelfu ya watu waliingia kwenye mabishano marefu na kampuni zao kuhusu swali moja tu: ni upepo ulioivunja nyumba, au ni maji?

Kama vyote viwili vilifika kwako, tenganisha mapema. Piga picha ya mstari wa matope ukutani ukiwa umeweka futikamba kando yake. Kilichoharibika juu ya mstari huo kina maelezo yake, na kilichoharibika chini yake kina mengine. Andika nani aliona bati likiruka, saa ngapi, na maji yaliingia saa ngapi. Mashahidi husahau saa upesi kuliko unavyofikiri.

"Usiguse kitu mpaka waje"

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na huumiza. Mkataba unakutaka uchukue hatua za busara kuzuia hasara isizidi. Ukiacha tundu wazi na mvua nyingine ikanyesha, hasara ya mvua ya pili inaweza kuhesabiwa kuwa yako. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo tundu la mita 3 za mraba likipokea mvua ya milimita 20 linamimina lita 60 ndani ya nyumba. Vitu vilivyolowa visipokaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, kuvu huanza kuota, na kuvu ni mojawapo ya vitu ambavyo mikataba mingi huviwekea kikomo au kuviondoa kabisa.

Basi gusa, ila kwa mpangilio. Kwanza usalama: usipande paa lililolowa, na ukiweza kuifikia swichi kuu bila kukanyaga maji, zima umeme. Pili picha: nyumba nzima kutoka kila upande, kisha kila chumba, kisha kila jeraha kwa karibu, na kitu cha kupimia pembeni. Ndipo funika kwa turubai, toa maji, fungua madirisha jua liingie. Tunza risiti za turubai, mbao na vibarua, kwa kuwa matengenezo ya muda kwa kawaida hudaiwa pamoja na hasara. Ya kudumu ndiyo yangoje ukaguzi.

Vipande vilivyong'oka usivitupe wala usimpe mwokota chuma. Vilundike nyuma ya nyumba. Bati lililokunjwa na upepo linasema kwa sauti kubwa kuliko barua yako.

Na toa taarifa mara moja, kwa simu na kwa maandishi, hata kama hujui hasara ni kiasi gani. Kiasi kinaweza kufuata baadaye. Kuchelewa taarifa ni sababu rahisi sana ya kukataliwa, na inaniuma kuiona ikitumika dhidi ya mtu aliyekuwa anahangaika kutafuta mahali pa kulaza watoto.

"Nimekata bima ya thamani ya nyumba, kwa hiyo niko salama"

Thamani ipi? Bei ambayo nyumba ingeuzwa inachanganya kiwanja na mtaa, na kiwanja hakiezuliwi. Bima ya jengo inapaswa kulingana na gharama ya kulijenga upya leo, kwa bei za leo za vifaa na mafundi, pamoja na kuondoa kifusi.

Ukipunguza, utalipia hata kwenye hasara ndogo. Tuseme kuijenga upya ni milioni 100, nawe umeikatia bima ya milioni 60. Dhoruba imeleta hasara ya milioni 20. Wengi hudhani watalipwa 20 kwa kuwa ni chini ya 60. Mkataba ukiwa na kipengele cha uwiano, na mingi inacho, kampuni itasema umejikinga kwa asilimia 60 tu, hivyo inalipa milioni 12. Kisha inakata ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unasema utaibeba mwenyewe. Mwenye nyumba huona amedhulumiwa, lakini hesabu ilikuwa kwenye karatasi tangu siku ya kwanza.

Angalia pia kama mkataba unalipa kipya kwa cha zamani au unakata thamani iliyopotea kwa uchakavu. Mingine hulipa kwanza thamani iliyochakaa na kukupa kilichobaki ukishamaliza kazi na kuonyesha risiti. Watu wengi hawarudi kudai sehemu hiyo ya pili. Rudi. Ni yako.

"Fundi atamalizana nao"

Hili nalisema bila kuzunguka: fundi anayekuahidi kukubebea ile sehemu ya kwanza ya hasara, ambayo mkataba unasema ni yako, atalazimika kuipata mahali fulani, na kwa kawaida huipata kwa kuongeza bei kwenye ankara inayokwenda bima. Ankara ya uongo ikigundulika, dai zima linaweza kuanguka, na jina lililo juu yake ni lako. Karatasi inayomhamishia haki ya fidia usiisaini mlangoni. Mtafute fundi wako, akupe makadirio yenye vipimo: mita ngapi za bati, papi ngapi, misumari ya aina gani.

Makadirio hayo yana kazi nyingine. Mkadiria hasara anayekuja analipwa na kampuni na ripoti yake inakwenda kwa kampuni. Si adui yako, na wengi wetu tunajitahidi kuwa waadilifu, lakini hatuioni nyumba kwa macho yako. Tembea naye chumba kwa chumba. Mwonyeshe. Ukiona ameruka kitu, mwambie palepale, kisha mwandikie siku hiyohiyo. Hasara ikiwa kubwa, unaweza kumwajiri mkadiria wako mwenyewe.

"Wakishakataa, imekwisha"

Haijaisha. Omba kukataliwa kwako kwa maandishi, na kipengele chenyewe kikitajwa kwa namba. Kisome. Mara nyingi jibu limejengwa juu ya chanzo ambacho picha zako zinakipinga. Peleka malalamiko ndani ya kampuni kwanza, kisha kwa mamlaka inayosimamia bima au msuluhishi wa migogoro ya bima, ukichunga muda wa mwisho wa kila hatua.

Kinachoweza kulimaliza dai ni saini yako. Hati ya kupokea malipo ikisema ni "malipo kamili na ya mwisho", ukishaisaini huna pa kurudia hata ukikuta kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, imeteguka. Na kenchi iliyoteguka haionekani mpaka dari ishushwe. Kwa hiyo kabla ya kusaini, dari ishushwe, fundi apande na taa aangalie kila kiungo. Akikuta kilichoachia, kazi isimame hapo: piga picha, iandikie kampuni, mkadiria arudi kuona kabla bati jipya halijapigiliwa juu yake.