Utulivu umo ukutani: ghala la zamani la Mwanza linapogeuzwa hoteli

Wageni wanaokuja kuangalia kazi yetu huingia, mlango ukafungwa nyuma yao, wakasimama kidogo. Nje kuna bodaboda, wapiga debe na spika za wauza dawa za panya. Ndani unasikia maji yanavyodondoka kwenye ndoo ya mwashi. Wanauliza tumeweka nini ukutani. Ninawajibu kwamba kazi kubwa tuliyofanya ni kubandua. Tumebandua saruji iliyopigwa juu ya mawe miaka ya karibuni, tukarudisha chokaa.

Mimi ni mhandisi wa majengo, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikarabati majengo ya zamani huku Kanda ya Ziwa. Jengo hili liko katikati ya jiji, si mbali na Makoroboi, ule mtaa uliopewa jina la vibatari vya makopo. Lina ghorofa moja. Chini palikuwa duka na ghala, juu iliishi familia ya mwenye duka, na nyuma kuna ua. Majengo ya namna hii yameletwa na pamba. Wafanyabiashara wa Kihindi waliinunua Usukumani, wakaisafirisha kwa meli kuvuka ziwa hadi Kisumu ili ikapande treni ya Mombasa. Mwaka 1928 reli ilifika Mwanza kutoka Tabora na mzigo ukapata njia ya kwenda Dar es Salaam. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na pamba ikazidi kupita mikononi mwa wakulima wenyewe. Ghala letu likawa stoo ya saruji, kisha karakana, kisha vyumba vya kupanga, na kila mpangaji aliacha alama yake.

Ukuta una unene wa sentimita 50, wa mawe ya granaiti yaliyochongwa kwenye miamba hii hii inayoupa mji wetu sura yake. Mita moja ya mraba ya ukuta huo ina uzito unaozidi tani moja. Ukuta wa bloku za inchi 6, tunaoujenga siku hizi, hauzidi sana kilo 300. Sauti ikigonga kitu kizito hushindwa kukitikisa, na kanuni tunayoitumia ni kwamba uzito ukiongezeka mara mbili, kelele inayopenya hupungua kwa decibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 hadi 6. Kwa hiyo ukuta wa wazee unaushinda wa bloku kwa decibeli 10 au zaidi, na sikio la binadamu husikia tofauti ya decibeli 10 kama kelele iliyopungua nusu. Uzito huo huo ndio unaochelewesha joto la mchana, hivyo vyumba vinabaki na ubaridi mzuri hadi alasiri bila kiyoyozi.

Lakini ukuta wa mawe una adui, naye ni unyevu wa ardhini. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo majengo mengi ya zamani yanapouliwa na watu wenye nia njema.

Granaiti hainywi maji. Unyevu ukipanda kutoka kwenye msingi, hupita kwenye udongo na chokaa iliyo kati ya mawe. Chokaa ina vitundu vidogo sana, kwa hiyo maji hutoka nje taratibu na kukaushwa na upepo. Ukiufunika ukuta huo kwa lipu ya saruji, maji hukosa pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, yanabeba chumvi, na chumvi inapokauka nyuma ya lipu inajaa na kuisukuma. Rangi inafanya malengelenge na chumba kinanuka uvundo. Mwenye nyumba anamwita fundi, fundi anabandua na kupiga saruji nzito zaidi, na ugonjwa unapanda futi nyingine mbili.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kuyafanya. Miaka yangu ya mwanzo kazini niliidhinisha lipu ya saruji kwenye nyumba ya zamani ya mawe kando ya ziwa. Ilipendeza siku ya makabidhiano. Baada ya masika mawili niliitwa nikaone, na ukuta ulikuwa umeota chumvi nyeupe hadi kifuani. Mwashi mzee niliyekwenda naye aliugonga kwa vifundo vya vidole, akasikiliza mlio wa utupu, akaniambia, "Mwanangu, huu mmeuziba pua." Sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo kila jengo nalianza kwa kugonga.

Mzee huyo ndiye niliyemwita kwenye kazi hii, aje awafundishe vijana. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe yake kwenye joto la takriban nyuzi 900, kisha jiwe lililochomwa linazimwa kwa maji. Huchemka lenyewe bila moto, na vijana walirudi nyuma kwa hofu mara ya kwanza. Tuliilaza shimoni chini ya maji wiki nyingi hadi ikawa laini kama siagi. Ikishapigwa ukutani, inarudi kuwa jiwe polepole kwa kunyonya hewa ya ukaa. Haitaki haraka wala jua kali, kwa hiyo tuliifunika kwa magunia mabichi na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni.

Madirisha yalitusumbua kuliko ukuta. Wapangaji walikuwa wameng'oa yale ya mbao wakaweka ya alumini yasiyobana. Ukuta wenye matundu ya asilimia 1 tu ya eneo lake hauzuii zaidi ya decibeli 20, hata uwe mnene kama ngome. Upande wa barabarani tumeweka madirisha mawili mawili: la nje la mbao za mninga lenye vibao vya mshazari, la ndani la kioo kinene chenye mpira kuzunguka fremu. Hewa hatuichukui barabarani kabisa. Inatoka uani.

Kuhusu ua, tulibishana na mwenye mali kwa wiki tatu. Ulikuwa umeezekwa bati, naye alitaka ubaki hivyo uwe ukumbi wa mikutano. Nilimwambia, "Bosi, ukiacha hili bati utauza viyoyozi, hutauza usingizi." Mchana upepo huingia mjini kutoka ziwani, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ua ulio wazi unaipokea hewa ya pande zote mbili na kuachia ile ya moto ipande. Tulifungua bati nusu tu kwa majaribio, akalala usiku mmoja kwenye chumba cha juu, na kesho yake akaagiza lililobaki liondolewe.

Sakafu ya juu ni ya mbao juu ya boriti, na zilikuwa zinapiga kelele kila mtu akipita. Kati ya boriti tumepigilia mbao za chini na kumwaga mchanga uliokaushwa vizuri. Ni ufundi wa zamani na wa bei nafuu, na unazima kishindo cha miguu.

Vyoo ndivyo vilivyonikosesha usingizi. Familia nzima ilitumia choo kimoja cha uani, na sasa kila mgeni anataka chake ndani. Kishawishi cha fundi bomba ni kuchimba mifereji kwenye ukuta wa mawe apitishe mabomba, na bomba likivuja humo unalijua baada ya mwaka. Tumevipanga vyoo vikipeana mgongo, cha juu kikikaa juu kabisa ya cha chini, na mabomba yote yanashuka ndani ya kabati moja lenye mlango. Likivuja, unafungua, unaona, unaziba.

Wengi wanadhani serikali inayalinda majengo haya moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda yaliyojengwa kabla ya 1863, na milango ya mbao iliyonakshiwa kabla ya 1940. Wajerumani walianzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892. Maana yake hakuna jengo la katikati ya jiji letu linalofikia umri huo, na lisipotangazwa rasmi linabaki mikononi mwa mwenye kiwanja. Ndiyo sababu napenda hoteli kama hii. Inampa mwenye kiwanja hesabu ya kumzuia asilete tingatinga.

Vyumba 11 vimekamilika. Cha 12 kiko nyuma, upande wa mlima, ambako maji ya mvua yanateremka kwenye mwamba hadi kwenye msingi. Tumechimba mfereji na kuujaza kokoto, na ukuta wake bado una doa la unyevu lenye urefu wa kiganja. Mwezi uliopita lilifika gotini. Mwenye mali anauliza kila Jumatatu kama tupake rangi, na kila Jumatatu mzee anauwekea ukuta kiganja, anatikisa kichwa na kurudi kwenye shimo la chokaa.