Simu haikopeshi? Fikiri tena

Pale soko la Kibuye, Kisumu, utasikia watu wakisema kadi ya mkopo ni mtego wa riba, ila kulipa kwa simu ni kutumia pesa yako tu. Nusu ni kweli.

Ukimlipa mama samaki kupitia namba yake ya till (namba ya kulipia biashara), wewe mnunuzi hukatwi ada; mwenye till ndiye hukatwa. Ukimtumia moja kwa moja kwenye laini yake, malipo yakizidi shilingi 100, makato ni yako.

Kisha kuna Fuliza. Salio likipungua, M-Pesa hukujazia, na muamala unapita. Huo ni mkopo, hata kama hakuna anayeuita riba: unatozwa asilimia 1 ya ulichofuliza, na deni likikaa, huongezewa ada ya kila siku. Kadi ya mkopo, kinyume na inavyosemwa, huwa haitozi riba kwa manunuzi ukilipa bili yote kwa wakati. (Kutoa pesa taslimu kwa kadi hiyo ni hadithi nyingine, na ni ghali.)

Mimi kwa samaki na boda natumia simu. Kadi ningeitoa wapi Kibuye?