Kabla Hujanunua DAC

Ujumbe ni uleule kila mara: mtu anasikiliza muziki kwenye kompyuta, hedifoni yake ni ile iliyokuja ndani ya boksi la simu, hela si nyingi, naye anataka nimchagulie DAC, yaani kifaa kinachogeuza namba za muziki kuwa umeme wa kuendesha hedifoni. Nikimwambia hela yote aipeleke kwenye hedifoni, ananuna. Ameshaaminishwa kuwa sauti ya kompyuta ni takataka, na kwamba muziki wenyewe hatausikia mpaka anunue kiboksi chenye taa. Nimechoka kulijibu hili vipande vipande, kwa hiyo nalieleza lote hapa.

CD iliingia sokoni mwaka 1982 ikiwa na sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani vipimo vya wimbi la sauti, kila kimoja kikiandikwa kwa biti 16. Hiyo inabeba masafa (sauti kuanzia nene hadi nyembamba) hadi kilohezi 22 hivi, na nafasi ya desibeli 96, kizio cha ukubwa wa sauti, kati ya sauti ya juu kabisa na mvumo wa chini unaobaki muziki ukinyamaza. Sikio la kijana mzima huishia kilohezi 20, na kadiri umri unavyosonga linashuka. Kugeuza namba za kiwango hicho kuwa umeme ni kazi iliyomalizwa zamani. Chipu za bei ndogo zilizomo kwenye kompyuta nyingi za leo zinaifanya kwa usafi ambao sikio halifiki kuupima. Mafaili ya biti 24 na kilohezi 192 yana maana kwa anayerekodi na kuchanganya. Wewe unayesikiliza, yaache.

Hedifoni ni habari nyingine kabisa. Chukua hedifoni mbili zozote uzipime: kuona tofauti ya desibeli 10 kwenye besi au kwenye sauti kali ni jambo la kawaida. Chukua DAC mbili zilizotengenezwa vizuri, tofauti inakuwa sehemu ndogo tu ya desibeli moja. Sasa niambie hela iende wapi. Na usidhani bei itakuchagulia. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa vipimo vya hedifoni 283, na hakuona uhusiano kati ya bei na mwitikio wa masafa, yaani jinsi hedifoni inavyogawa nguvu kati ya besi, sauti ya kati na sauti kali. Soma vipimo, vaa kama unaweza kuvaa, kisha uamue.

Sisemi kifaa cha nje hakina kazi. Kina kazi pale penye tatizo linalosikika. Chomeka hedifoni kwenye tundu la mbele la kesi ya kompyuta, usicheze kitu, halafu sogeza kipanya. Ukisikia kamlio kembamba kanakofuata mkono wako, au mkwaruzo unaopanda kila dirisha linapofunguka, huo ni umeme wa kompyuta unaoingia kwenye njia ya sauti. Waya wa lile tundu la mbele hupita ndani ya kesi, mara nyingi jirani na kadi ya grafiki. Hamia tundu la nyuma kwanza, ni bure. Kwa laptopu, chomoa chaja usikilize tena. Mvumo ukikata, tatizo linaingia kupitia chaja. Mlio ukibaki, nunua adapta ndogo ya USB yenye tundu la hedifoni, ile ya ukubwa wa kidole. Kwa watu wengi hiyo ndiyo DAC ya mwisho watakayoihitaji.

Sasa tuje kwenye omu, kizio cha ukinzani wa umeme kinachoandikwa kwenye boksi la hedifoni, maana hapa ndipo uvivu unapozidi. "Hedifoni ni ya omu 300, lazima amplifaya, kile kikuza sauti." Nani kasema? Omu peke yake haikwambii hedifoni ni ngumu kuendesha. Lazima uisome pamoja na sensitiviti, yaani inalia kwa nguvu gani ikipewa miliwati moja. Tufanye hesabu. Hedifoni ya omu 300 yenye desibeli 100 kwa miliwati, ukitaka vilele (sehemu za muziki zinazolia juu kabisa) vya desibeli 104, inahitaji miliwati 2.5 tu: volti 0.87 na miliampia 3. Adapta ya USB inayotoa volti 1 imemaliza kazi hiyo. Sasa chukua ya omu 50, ambayo kila mtu atakwambia ni nyepesi, lakini sensitiviti yake ni desibeli 84. Kwa vilele vilevile inataka miliwati 100, volti 2.2 na miliampia 45. Hiyo ndiyo itakayokulilia amplifaya. Angalia pia kizio: kuna watengenezaji wanaoandika desibeli kwa miliwati, wengine kwa volti, na namba hizo mbili hazilinganishwi mpaka uzigeuze. Watu wanazilinganisha hivyohivyo, kisha wanabishana usiku kucha.

Omu ambayo mtu haiulizi ni ile ya upande wa kompyuta. Ukinzani wa tundu linalotoa sauti ukiwa mkubwa, unabadilisha sauti ya hedifoni yenyewe. Hedifoni nyingi za dainamiki, yaani zile za kawaida zenye spika ndogo ya koili, hazina omu moja. Inaweza kuwa 32 katikati ya masafa na 64 kule kwenye besi. Ichomeke kwenye tundu la omu 75, na ile besi itanyanyuka karibu desibeli 4 juu ya mahali pake. Ichomeke kwenye tundu la omu 2, inanyanyuka kama robo desibeli. Kwa hiyo yule aliyebadilisha kifaa akasikia besi "imekaza" huenda hakudanganyika hata kidogo, ila sababu yake siyo chipu aliyoisifia. Kanuni tunayoitumia ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Hedifoni za plana, zenye utando bapa uliotandazwa waya badala ya koili, ukinzani wake haupandi wala kushuka kwa masafa, kwa hiyo haziguswi na jambo hili.

Na kama unataka kulinganisha vifaa viwili, linganisha kwa haki. Kinacholia juu zaidi, hata kwa desibeli moja tu, masikio yatakipenda, na mwenyewe hutasema "kinalia juu", utasema kina uwazi. Cheza toni ya hezi 100, hedifoni ikiwa imechomekwa, pima volti kwa multimita, sawazisha vifaa vyote viwili hadi tofauti ibaki chini ya asilimia moja. Kisha mtu mwingine akubadilishie bila wewe kuona. Ubishi mwingi niliowahi kuushuhudia uliishia hapo.

Ukishapata hedifoni nzuri, hatua inayofuata haina gharama: ekwalaiza, programu ya kupandisha au kushusha besi, sauti ya kati na sauti kali. Kwenye Windows weka Equalizer APO, kwenye Linux EasyEffects, na mradi wa AutoEq una mipangilio tayari ya hedifoni nyingi sana. Ukipandisha besi desibeli 6, shusha na kiwango cha jumla desibeli 6, la sivyo vilele vitakatwa na utasikia mkwaruzo.

Ila mipangilio hiyo nami siifuati yote. Mingi inalenga mkunjo, yaani mstari wa grafu unaoonyesha kila masafa yalie kwa nguvu gani, uliotokana na utafiti wa Sean Olive na wenzake wa Harman, ambao ni wastani wa kile wasikilizaji wengi walichokipenda, na wewe si wastani. Juu ya kilohezi 8 hivi, umbo la sikio lako na jinsi hedifoni ilivyokaa kichwani vinabadilisha kila kitu. Ukiivua na kuivaa tena, mkunjo umeshahama. Marekebisho membamba ya huko juu nayafuta yote, nabaki na mapana ya chini. Na upana wa jukwaa, ile hali ya sauti kutoka nje ya kichwa, nausikia kwenye hedifoni za mgongo wazi (zenye vikombe visivyozibwa nyuma) kila siku, lakini sina grafu ninayoweza kukuonyesha ikautabiri. Anayekwambia anayo, muombe aitumie kutabiri hedifoni ambayo hajawahi kuivaa.

Jambo la mwisho ni kwa wenye Blututhi, maana nao wananiulizia DAC. Muziki ukigeuka ghafla kuwa kama simu ya mezani kila unapoingia kwenye mkutano wa video, kifaa hakijaharibika. Programu imefungua maikrofoni ya hedifoni, na Blututhi ya kawaida ikahamia njia ya simu: sauti ya mono, isiyogawanywa kushoto na kulia, sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde. Ingia kwenye mipangilio ya programu hiyo, chagua maikrofoni ya laptopu, na sauti itarudi papo hapo.